Nina laki mbili, kompyuta ya gemu inakwama: nibadilishe prosesa au niachane nayo?

Kijana wa Segerea

Wakuu habari za humu ndani. Naombeni mawazo kabla sijaenda Kariakoo kuliwa hela.

Nina deskitopu ya Dell OptiPlex 7010, ile ndefu ya kusimama, mtumba wa ofisini. Ndani kuna prosesa (ubongo wa mashine) ya Intel i5-3470, RAM (kumbukumbu ya muda) 8GB ya DDR3 kijiti kimoja, SSD ya 240GB, na kadi ya grafiki GTX 1650 ya 4GB, ile isiyochomekwa waya wa umeme pembeni. Monita ni 1080p, Windows 10.

Nacheza GTA V, Counter-Strike 2 na mpira. Shida yenyewe ni hii: nikitembea kwa miguu kwenye GTA kila kitu poa, nikipanda gari nikakanyaga mafuta katikati ya mji, picha inaganda kidogo, inaachia, inaganda tena. Wenzangu wa mtandaoni wameshanipa jina la dereva mlevi. Counter-Strike nayo moshi ukirushwa sehemu yenye watu wengi, FPS (idadi ya picha kwa sekunde) inaporomoka.

Task Manager inaonyesha prosesa 100% muda wote. Duka moja wameniambia mashine imechoka, ninunue nyingine (kwao, bila shaka). Duka la pili wameniambia tatizo ni kadi, na kadi wanazo.

Bajeti ni laki mbili. Haiongezeki hata kwa maombi, boom (hela ya mkopo wa chuo) limeshaisha. Nibadilishe prosesa tu? Kama ndiyo, niweke ipi? Nawasilisha.

Nakaa Dirishani

Ngoja waje wajuzi. Nimeshika siti.

Mwenye Banda

Dogo uza hilo dude, ongezea kidogo, chukua PS4 ya mtumba. Mimi hapa Mbagala nina banda la PS, vijana wanacheza kutwa nzima, hakuna aliyewahi kuniuliza habari za prosesa.

Kijana wa Segerea

Mkuu nakuelewa, ila mashine hii ndiyo inayonifanyia AutoCAD za chuo. Nikipeleka PS4 kwenye presentesheni mwalimu atanitoa nje.

Koleo

Kijana, usinunue chochote kwa kuangalia ile 100% ya Task Manager peke yake. Prosesa inaweza kufika hapo kwa sababu kweli ni ndogo, au Windows inapakua masasisho kimyakimya nyuma, au antivirusi imeamua kukagua diski saa hiyohiyo unapocheza. Na ikiwa imepata moto sana, inajipunguza kasi ili isiungue, na hapo kazi ndogo tu inaijaza. Unaweza kutoa hela yako kwa prosesa mpya na tatizo likabaki limekaa palepale linakuangalia.

Fanya hivi leo usiku, ni bure. Weka programu ya MSI Afterburner, inakuja pamoja na RivaTuner, halafu washa namba zionekane juu ya gemu: matumizi ya kila thredi (foleni ya kazi) ya prosesa, joto lake, kasi yake kwa MHz, matumizi ya kadi, na RAM iliyotumika. Chukua gari, pita njia ileile inayokusumbua. Ukimaliza shusha resolushoni (wingi wa nukta za picha) kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, usiguse kingine chochote, pita tena.

Resolushoni ni mzigo wa kadi. FPS ikipanda sana ukishusha, basi kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa na lile duka la pili walisema kweli. FPS ikibaki ilipo, kadi haina kosa, imekaa inasubiri kazi kutoka kwa prosesa. Rudi na namba.

Kijana wa Segerea

Nimepima, Koleo. Kwenye 1080p FPS inacheza kati ya 48 na 62, kadi inatumika asilimia 50 na kitu, thredi zote nne za prosesa zimejaa. Kwenye 720p FPS ni ileile kabisa, ila kadi imeshuka hadi thelathini na kitu. Joto la prosesa nyuzi 93. Kasi haijashuka chini ya 3.2 GHz. RAM iliyotumika 7.4GB.

Koleo

Safi sana. Upande wa kadi kesi imefungwa, usimsikilize tena anayetaka kukuuzia kadi. Ukiweka kadi kubwa zaidi kwenye hiyo prosesa utapata FPS zilezile 50 na bili kubwa ya umeme.

Kasi haijashuka chini ya 3.2, maana yake moto haujaanza kuikaba. Ila nyuzi 93 ni nyingi kwa prosesa ya wati 77. Hilo tutalirudia.

Na umeiona hiyo RAM? 7.4 kati ya 8. Hiyo nayo ni tatizo linalojitegemea.

Shangazi Diski

Hapo kwenye RAM ndipo nilipokuwa nasubiri. Mwanangu, kijiti kimoja cha DDR3 ya 1600 kinapitisha kwa hesabu GB 12.8 kwa sekunde. Weka viwili kwenye nafasi zinazooana, inakuwa GB 25.6, kwa sababu prosesa hiyo ina njia mbili za kumbukumbu na wewe umeifungulia moja. GTA V ni gemu la kupakia mji unavyokwenda: kadiri gari linavyokimbia ndivyo data inavyotakiwa kuingia haraka. Ndiyo maana kwa miguu uko salama. Na RAM ikijaa Windows inaanza kuazima nafasi kwenye SSD, na hapo ndipo ile kuganda inapozaliwa.

Kwa hiyo katika hiyo laki mbili, kabla ya kutaja prosesa, tenga hela ya kijiti cha pili cha 8GB. Mambo ya kuangalia ukinunua DDR3 ya mtumba: isiwe ya seva (zile zilizoandikwa Registered au PC3 zenye herufi R mwishoni hazitawaka kwako), isiwe ya laptopu (hizo ni fupi, pini 204, zako ni pini 240), na kuna vijiti vya bei rahisi vinavyokuja vimeandikwa kwamba ni vya mazabodi (bodi kuu ya mashine) za prosesa za AMD tu. Hivyo muuzaji atakuapia kwamba vinafanya kazi kote. Kwenye Intel yako havitafanya.

Mzee wa Mbezi

Mimi nitakuwa tofauti kidogo, msinipige mawe. Mnamshauri kijana atie hela kwenye jukwaa la mwaka 2012. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa Intel inaanzia rasmi kizazi cha 8, yeye yuko cha 3. Prosesa zote zinazoingia kwenye soketi yake (kiti cha prosesa), LGA 1155, hazina AVX2, maagizo yaliyoanza na kizazi cha 4 mwaka 2013, na yapo magemu mapya ambayo bila hayo hayafunguki kabisa, siyo kwamba yanakwama. Auze mashine, atafute ya ofisi yenye i5-8500, kori (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) sita, DDR4. OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4. Kadi yake ataihamisha kama ilivyo.

Koleo

Mzee wangu, kila ulichosema ni kweli, na angekuwa na laki sita ningekuunga mkono bila swali. Hana. Ana mbili. Mashine ya kizazi cha 3 akiuza leo bila kadi atapata hela ya kulia machozi, akijumlisha na laki mbili bado hafiki kwenye hiyo i5-8500 yenye RAM ya kutosha. Tena RAM za DDR4 na DDR5 zimepanda bei tangu mwishoni mwa 2025, wakati DDR3 ya mtumba watu wanaitoa kwenye maofisi na hakuna anayeigombania.

Hoja yangu ni moja tu: soketi ile ina prosesa ya mwisho inayoingia, na ni ya bei ndogo. Afike hapo, asimame. Asitie hata shilingi nyingine baada ya hapo, aanze kuwekeza kwa hiyo mashine unayoisema wewe.

Na asiruke nusu. Kuna watu watamwambia aende kizazi cha 4, i7-4770 na mazabodi yake. Anapata AVX2, sawa, lakini bado DDR3, bado hapati Windows 11 rasmi, na amelipia mazabodi. Hiyo ni nauli ya kwenda Kibaha ukashushwa Kimara.

Mzee wa Mbezi

Hapo kwenye kizazi cha 4 tuko pamoja. Kwa laki mbili nakubali kwa shingo upande.

Kijana wa Segerea

Sasa hiyo prosesa ya mwisho ni ipi? Kuna jamaa Mtaa wa Aggrey ana i7-2600 anasema ni i7 halisi na bei yake imekaa vizuri.

Koleo

Iache hiyo. Nisome taratibu kidogo hapa kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza hela.

Yako i5-3470: kori 4, thredi 4, kasi 3.2 GHz, ikijisukuma 3.6, kashe (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) 6MB, wati 77.

i7-2600: kori 4, thredi 8, kasi 3.4, ikijisukuma 3.8, kashe 8MB, wati 95. Hii ni kizazi cha 2, mwaka 2011. Inaingia kwako, itawaka. Lakini inapika moto zaidi, na kwa kila GHz moja inafanya kazi kidogo kuliko kizazi cha 3. Jambo lingine hawalitaji madukani: ukiweka kizazi cha 2, nafasi ya kadi ya grafiki inarudi kwenye PCIe 2.0, njia ya data ya zamani yenye kasi ndogo. Sasa hivi kwa kizazi cha 3 unapata 3.0. Kwa nini ulipe urudi nyuma?

i7-3770: kori 4, thredi 8, kasi 3.4, ikijisukuma 3.9, kashe 8MB, wati 77. Angalia hizo wati. Ni zilezile za i5 yako. Maana yake feni na hitisinki (chuma cha kupozea) uliyonayo inatosha, pawa saplai haitajua kama umebadilisha kitu, na Dell wenyewe walikuwa wanaziuza hizo 7010 zikiwa na i7-3770 ndani. Hakuna kubahatisha.

Kuna 3770K, ile inayofunguliwa kwa ajili ya kuovakloki (kupandisha kasi kuliko ya kiwandani). Mazabodi yako ya ofisi haifanyi ovakloki, kwa hiyo ile K unailipia urembo. Ukiikuta kwa bei sawa na ya kawaida chukua, ikizidi achana nayo.

Halafu zile herufi za chini. 3770S ni wati 65, inaanza 3.1 lakini inafika 3.9 hivyohivyo, siyo mbaya. 3770T ni wati 45 na inaanza 2.5. Hiyo imetengenezwa kwa kompyuta ndogo zinazobanwa na joto. Muuzaji atakwambia "ni i7-3770 hii bosi" na herufi T ataifunika na kidole.

Agenti wa Mizigo

Hamjataja Xeon, prosesa za Intel za seva. E3-1230 v2, E3-1240 v2, ni kori 4 thredi 8, soketi ileile, wati 69, na China zinapatikana kwa bei ya chini ya i7. Prosesa haina uzito, kwenye mzigo wa ndege haikusumbui.

Koleo

Agenti, Xeon E3 nazipenda, nimeshazifunga kwenye mazabodi za kawaida na zimefanya kazi kama i7. Ila orodha rasmi ya 7010 inaishia kwenye Core i7, na BIOS (programu ya kuwashia mashine) za mashine za ofisi zina tabia ya kukataa wageni. Halafu hizo ulizotaja hazina grafiki ya ndani, kwa hiyo siku kadi ya grafiki ikileta shida hana hata pa kuchomeka monita apime. Ambaye ana mazabodi ya kununua dukani, akahakikisha iko kwenye orodha ya mtengenezaji, achukue. Kijana mwenye laki mbili ya mwisho aende na kitu chenye uhakika, tena akione kikiwaka mbele ya macho yake.

Nakaa Dirishani

Uzi umenoga. Sasa swali la darasa la mwisho: hiyo i7 itampa FPS ngapi?

Koleo

Hili naomba lisomwe vizuri ili nisije kutukanwa.

Ukichukua kasi ya juu, 3.9 kwa 3.6, tofauti ni kama asilimia 8. Kwa hiyo kwenye gemu linalotegemea kori moja au mbili, wastani wa FPS utasogea kidogo sana. Atakayekwambia FPS inazidishwa mara mbili, mkimbie.

Kinachobadilika ni zile thredi 8. Sasa hivi gemu, draiva ya kadi, Windows, Discord na Chrome vinagombania viti vinne. Kila mmoja akisimama mwenzake anakaa, na ile sekunde ya kusimama ndiyo kuganda unakokuona. Ukiwa na thredi 8 zile FPS za chini kabisa ndizo zinazopanda. Wastani unaweza kutoka 55 hadi 65 usione ajabu, ila kule kuporomoka unapokata kona ndiko kutakakopungua sana. Na gemu lenye FPS 60 zilizotulia linachezeka kuliko lenye 80 zinazorukaruka.

Binti Msimbazi

Nipo dukani Kariakoo, siuzi prosesa kwa hiyo naongea kwa uhuru 😂

Ukienda kununua beba mashine yako. Najua ni nzito, panda bajaji. Ukinunua prosesa kwenye kiganja, ukafika Segerea haiwaki, kesho yake utaambiwa umeiunguza wewe. Maduka yanayojiheshimu yatakufungia palepale, na yasiyotaka kufunga umeshapata jibu lako.

Kabla haijafungwa igeuze. Juu kwenye bati paandikwe i7-3770 na chini yake msimbo SR0PK. Msimbo huo ndio wa 3770 ya kawaida. Ukiona maandishi INTEL CONFIDENTIAL hiyo ni sampuli ya majaribio, rudisha. Upande wa chini kuna vidude vidogovidogo vya rangi ya kahawia katikati, angalia kama kuna kilichong'oka. Soketi yako ndiyo yenye pini, prosesa ina vidoa bapa tu, kwa hiyo muda fundi anapofungua usiangalie simu. Pini moja ikilazwa na kidole, umepoteza mazabodi, na hapo hakuna atakayejua ni nani.

Ikiwaka fungua CPU-Z, programu ya kusoma vifaa vya mashine. Jina lisome i7-3770, kori 4, thredi 8. Zikisoma thredi 4, ingia BIOS uangalie kama Hyper-Threading (inayoipa kila kori thredi mbili) imezimwa, kwenye mashine za ofisini mara nyingine huzimwa. Kisha iendeshe Cinebench, programu ya kuipa prosesa mzigo, mfululizo kama dakika kumi huku ukiangalia joto. Usione aibu kusimama pale. Hela ni yako.

Kijana wa Segerea

Dada Msimbazi ubarikiwe sana. Na ile nyuzi 93?

Koleo

Hiyo ni vumbi na pesti (uji wa kupitisha joto kutoka prosesa kwenda hitisinki) iliyokauka, karibu kila mara. Mashine ya ofisi ya mwaka 2012 au 2013, mara nyingi pesti ni ileile ya kiwandani. Ukiing'oa hitisinki utakuta unga wa kijivu. Ongeza joto letu la Dar na chumba kisicho na AC, hewa inayoingia kwenye feni tayari ni nyuzi thelathini na kitu. Hitisinki haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, kila nyuzi ya chumba unaibeba.

Prosesa ikitoka, ndiyo nafasi yako. Futa pesti ya zamani kwa karatasi laini na pombe ya isopropili mpaka bati ling'ae. Puliza vumbi kwenye mapezi ya hitisinki, huku umeshika feni kwa kidole isizunguke na upepo. Pesti mpya kiasi cha punje ya mchele katikati, usipake kama Blue Band. Kaza skrubu kidogokidogo kwa kukatiza pembe, usimalize moja ndipo uende nyingine.

Na usiweke mashine ndani ya kabati la meza. Nimeona watu wanaifungia mlango kabisa kwa sababu ya kelele, halafu wanauliza kwa nini ina moto.

Mwenye Banda

Na pawa saplai? Zile za Dell ni ndogo.

Koleo

Swali zuri la mtu wa PS. Ya kwake ni wati 275. Prosesa 77, kadi 75, mazabodi, RAM, SSD na feni tuseme 40. Jumla haifiki 200. Iko salama, na hiyo ndiyo faida ya GTX 1650 isiyo na waya. Akitamani RX 580 ndipo mazungumzo yanabadilika, ile peke yake inakula wati 185 na pawa saplai yake haina hata waya wa kuichomeka.

Umeme wa mtaani ukiwa unakuja na kuondoka, UPS ndogo ni muhimu kuliko taa za rangi kwenye kesi. Ila siyo ndani ya laki mbili hii.

Kijana wa Segerea

Wakuu mrejesho.

Nimekwenda Kariakoo na mashine kwenye bajaji, nimeipakata kama mgonjwa. Duka la kwanza jamaa alinipa prosesa imeshapakwa pesti juu, eti niokoe muda. Nikamwomba aifute nisome. Ilikuwa 3770T. Nikamrudishia, akacheka tu, tukaachana kwa amani.

Duka la tatu ndipo nikaipata, SR0PK, bati safi, chini hakuna kilichong'oka. Alianza na laki na nusu, nikakomaa mpaka laki na kumi, pamoja na kufungiwa na muda wa wiki mbili wa kurudisha ikileta shida, ameniandikia kwenye risiti. Kijiti cha 8GB DDR3 1600 elfu arobaini. Pesti elfu kumi. Nimebakiwa na elfu arobaini, bajaji imekula sehemu yake na chipsi zimekula nyingine.

Hitisinki ilipotoka hata fundi alishtuka. Mapezi yalikuwa na blanketi la vumbi, na pesti ilitoka vipandevipande kama magamba.

Namba sasa. GTA, njia ileile, mipangilio ileile, 1080p: FPS kati ya 60 na 78. Kadi inafika asilimia 80 mpaka 90. Prosesa inacheza kwenye sabini na kitu. Joto nyuzi 71. RAM inatumika 9.6GB, kumbe ilikuwa inataka zaidi ya 8 siku zote. CPU-Z inasoma Dual kwenye kumbukumbu. Kuganda kwa barabara kuu kumeisha, kumebaki kidogo sana nikiingia sehemu mpya ya mji mara ya kwanza. Counter-Strike moshi ukirushwa bado inashuka ila haigandi.

Kilichonishangaza: tulifunga RAM kwanza na kupima kabla ya prosesa, kama Shangazi alivyonielekeza PM. RAM peke yake ilipunguza kuganda kwa sehemu kubwa. Prosesa ikamalizia.

Shangazi Diski

Nilisema mie.

Koleo

Kazi nzuri. Sasa ongeza vitu viwili vya bure. Kwenye mipangilio ya GTA shusha wingi wa watu na magari mitaani na ule umbali wa ziada wa kuchora vitu, vyote viwili vinakula prosesa, siyo kadi, na macho hayaoni tofauti kubwa. Kisha funga FPS kwenye 60 kwa RivaTuner. Prosesa ikiacha kukimbilia 78 inabaki na pumzi ya akiba kwa zile sehemu ngumu.

Na sasa simama hapo. Usirudi hapa mwezi ujao unauliza kadi mpya.

Mzee wa Mbezi

Nakubali matokeo. Ila kijana, kwa benki na barua pepe kwenye Windows 10 isiyopata masasisho uwe mwangalifu. Miamala yako fanyia kwenye simu.

Nakaa Dirishani

Kijana hiyo i5-3470 ya zamani unaitoa bei gani? Mimi nina mashine ya kuunga, mazabodi ya H61 yenye soketi hiyohiyo, prosesa i3-2100. Nipo Tabata, tunaonana hata jioni.

Kijana wa Segerea

Elfu thelathini mkuu, na kuna bati lililong'aa.

Koleo

Subirini kwanza msitumiane M-Pesa. Nakaa Dirishani, i3-2100 ni kizazi cha 2, na mazabodi nyingi za H61 zilitoka kabla ya kizazi cha 3. Soketi inakubali, BIOS ya zamani haikubali. Ukichomeka i5-3470 bila kusasisha BIOS utapata skrini nyeusi na utamlaumu mtoto wa watu. Fungua CPU-Z, sehemu ya Mainboard, soma modeli na toleo la BIOS. Nenda tovuti ya mtengenezaji, tafuta orodha ya prosesa za modeli hiyo, angalia i5-3470 inaanzia toleo gani.

Kama lako ni la chini, sasisha ukiwa bado na i3 ndani. Lazima iwe kabla. Na usifanye saa za usiku ambapo umeme wa mtaa wenu una mazoea ya kuondoka. BIOS ikikatwa katikati, hiyo mazabodi utaipeleka kwa mtu mwenye mashine ya kuandikia chipu, na gharama yake haitapishana sana na ya mazabodi nyingine.

Nakaa Dirishani

Nimeangalia. Toleo langu ni F2, orodha inasema i5-3470 inaanzia F7. Basi ngoja nisasishe kwanza. Kijana usiiuze kwa mtu mwingine, nakutumia elfu kumi ya kushikia.